Kanga wa Krismasi wa kudarizi kwa mkono: ninavyomtengeneza hapa Iringa kwa sweta la mtumba

Kamwene wapendwa. Tangu mwezi wa tisa simu yangu haipumziki, kila mtu "dada wale kanga wa kwenye mti wa Krismasi unawatengenezaje", na kujibu mmoja mmoja nimechoka jamani, kwa hiyo leo naandika yote hapa mara moja. Soma mpaka mwisho ndo uulize, maana najua kuna wa kusoma mistari miwili alafu ananipigia.

Kwanza kwa nini kanga. Na mimi nilianza kama wengine, nadarizi theluji, nadarizi yule mzee wa ndevu nyeupe na wale paa wake wenye mapembe, na nilikuwa najiona fundi kweli. Sasa mwaka mmoja akaja mgeni katoka hifadhi ya Ruaha, akapekua meza nzima, akaniuliza huna kitu cha huku kwenu? Nikabaki namtolea macho. Nina theluji nyumba nzima na nje mvua inapiga bati na matope yamefika mlangoni, theluji gani ya Kihesa hapa Iringa? Siku hiyohiyo jioni nikamchora kanga, yule ndege wa madoa, kwa sababu Ruaha kanga wapo makundi kwa makundi, na pia kwa sababu madoa yake ni fundo la Kifaransa tupu, ule mshono wa kipunje, yani ni kama Mungu alimuumba kwa ajili ya watu wa sindano. (Hata kanga za kuvaa, wanasema jina lilitoka kwa huyuhuyu ndege, vile vitambaa vya zamani vilikuwa na madoadoa kama yake.)

Tunaanza.

Hatua ya 1: sweta

Kitambaa kinachofaa ni felti, ile nzito ambayo ukiikata pembeni haitoi nyuzi. Felti ya dukani ipo lakini nyingi ni ya plastiki, nyembamba, ukivuta uzi kidogo inatanuka na ikikaa mwaka mmoja inaota vipele. Mimi natengeneza yangu kwa sweta la sufu la mtumba na sisi watu wa nyanda za juu tumebarikiwa masweta, nenda soko la Mlandege hapa Iringa, walioko Mbeya nendeni soko la Mwanjelwa, utachagua mpaka uchoke. Siri moja: usinunue mwezi wa sita wala wa saba, baridi ikiwa kali sweta linapanda bei na mazuri yanagombaniwa na wanaotaka kuvaa. Nunua kuanzia mwezi wa kumi na moja, joto likiwepo wenyewe watakubembeleza.

Sasa sikiliza hapa maana ndo wengi wanapoharibikiwa. Lazima liwe sufu ya kondoo kweli. Angalia lebo ya ndani, itaandikwa wool, au lana kama limetoka Italia au Hispania, au Wolle kama ni la Kijerumani, au laine la Kifaransa, na iwe asilimia 80 kwenda juu. Likiwa akriliki achana nalo hata kama rangi imekuua, hilo utalichemsha mpaka Pasaka na halitabadilika. Na kama lebo inasema linafuliwa kwa mashine bila shida, kuwa na wasiwasi, kuna sufu zimewekewa dawa zisisinyae, na sisi tunataka lisinyae.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa kauzi kadogo kwenye mshono wa ndani, ukifika nyumbani (siyo palepale kwa muuzaji, atakufukuza) kachome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu meusi yanayosagika kwenye vidole. Akriliki inayeyuka, inatengeneza kidonge kigumu. Nina kiberiti kwenye pochi muda wote, watu wananiangalia vibaya.

Rangi tafuta kijivu cha kukolea, kama mkaa. Siyo nyeusi kabisa, kwenye nyeusi utaumia macho usiku.

Hatua ya 2: kulisinyaza

Kata sweta kwenye mishono, mikono peke yake, mgongo peke yake, kifua peke yake. Chemsha maji, weka kwenye ndoo na sabuni kidogo ya kipande iliyokunwa, tumbukiza, koroga na mwiko mpaka maji yavumilike mkononi alafu anza kusugua. Sugua kama unafua sare ya mtoto aliyecheza kwenye udongo mwekundu wa huku. Kinachotokea ni kwamba unyoya wa kondoo una magamba madogo sana ambayo huyaoni, ukipata joto, maji na msuguano yale magamba yanafunguka, yanashikana, na hayaachiani tena. Ndo maana siku ile ulifua sweta la baba kwa maji ya moto likamtosha mdogo wako. Ile ajali ndo sisi tunaitafuta makusudi.

Dakika 20 mpaka nusu saa, ukibadilisha na maji ya baridi katikati, alafu moto tena. Maji peke yake hayatoshi, kazi ni kusugua, kuna dada mmoja hapa aliloweka usiku kucha akaja asubuhi sweta lipo vilevile kama lilivyotoka sokoni. Jaribu hivi: kata kipande kidogo pembeni, vuta. Uzi usipochomoka, tayari. Linaweza kupungua hata theluthi ya ukubwa wake kwa hiyo usishtuke. Kamua bila kunyonga, lianike likiwa limelala juu ya taulo, kivulini, msimu wa mvua linachukua siku mbili au tatu. Likikauka piga pasi juu ya kitambaa kibichi lilale sawa.

Sweta moja la mtu mzima linanipa kanga kama 20 hivi nikipanga vizuri, na mabaki usitupe hata kidogo, tutayahitaji.

Hatua ya 3: pateni

Chora kanga kwenye boksi la biskuti. Usiogope kuchora: mwili ni tone la maji lililolala, limenenepa nyuma, shingo fupi, kichwa kidogo chenye kijipembe juu, mkia umeinama chini. Urefu wa sentimita 9, kimo sentimita 7. Usiweke miguu, miguu inavunja moyo wa kila mtu, mwache aning'inie.

Alafu hapa naomba uniangalie usoni. Unahitaji vipande VIWILI, kimoja kinatazama kulia na kingine KUSHOTO. Chora kimoja, GEUZA boksi, chora cha pili. Mimi oda yangu ya kwanza kubwa nilidarizi vipande 12 usiku na mchana, asubuhi naviunganisha nakuta vyote vinatazama kushoto, yani nina makanga 12 hayana mwenza. Nililia. Nikaja kuyauza kama vishikio vya sufuria, mpaka leo kuna mama ananiuliza nitaleta lini vingine.

Na usikate kwanza! Chora umbo kwenye sufu, darizi ndani yake, ukimaliza ndo ukate. Ukikata mapema kingo zinatanuka mkononi na kanga anatoka amevimba kama kameza kitu.

Kuchora kwenye sufu ya giza kalamu haishiki. Umbo la nje nalichora na kipande cha sabuni kikavu kilichochongoka kama mafundi cherehani wanavyofanya. Madoa na bawa nachora kwa penseli kwenye karatasi laini, ile nyembamba inayokuja ndani ya boksi la viatu, naipigia bandi (mishono mirefu ya muda) juu ya sufu, nadarizi juu yake moja kwa moja, mwisho naichana taratibu. Vipande vinavyobaki chini ya nyuzi navitoa na kibanio cha nyusi. Penseli nimesema, siyo peni, wino wa peni unapanda kwenye uzi mweupe na hautoki.

Ringi ya kudarizia huihitaji kwa kazi hii, sufu ni nzito inajishika yenyewe na ringi inaiachia alama. Shika mkononi tu.

Hatua ya 4: uzi na sindano

Uzi wa kudarizi wa kawaida ukiuangalia umeundwa na nyuzi sita ndani. Hatutumii zote. Kata urefu wa mkono mmoja, ncha ya kidole mpaka kiwiko, usiongeze kwa uvivu wa kutunga sindano maana mrefu unajisokota na kuchakaa. Vuta unyuzi mmoja mmoja kwenda juu, huku umebana zilizobaki kwa vidole viwili, ukivuta mbili kwa pamoja zitafungana fundo na utatukana. Kisha unganisha tatu kwa ajili ya madoa makubwa, mbili kwa mengine yote.

Sindano iwe nyembamba, na tundu lake lisiwe limevimba kuliko mwili. Hii ni muhimu kwa hatua inayofuata. Ukiwa na kastabini, kile kikofia cha kidole, vaa, sufu iliyosinyaa ina ubishi.

Nyekundu na bluu zipime kabla: weka uzi kati ya kitambaa cheupe kibichi, piga pasi ya moto. Kikipata rangi, uzi huo utakuja kulia kwenye kanga wako.

Hatua ya 5: madoa

Waliosoma sayansi kimu wanaijua, fundo la Kifaransa. Darasani kwangu Jumamosi hatusemi hivyo, tunasema punje, na punje zipo mbili, mtama na ulezi. Mtama ni doa kubwa la mwilini, nyuzi tatu, mzunguko mara mbili. Ulezi ni doa dogo la kuelekea shingoni, nyuzi mbili, mzunguko mara moja.

Inaenda hivi. Sindano itokee mbele pale unapotaka doa. Mkono wa kushoto ushike uzi, sentimita 3 hivi kutoka kwenye kitambaa, uukaze. Mkono wa kulia ulaze sindano juu ya uzi, sasa zungusha UZI kwenye sindano, siyo sindano kwenye uzi, mara mbili. Bila kulegeza mkono wa kushoto, rudisha ncha ya sindano kwenye kitambaa, pembeni kidogo ya ilipotokea. Pembeni, siyo tundu lilelile. Ukirudi tundu lilelile punje nzima inazama inatokea nyuma, na hilo ndo kosa la kila anayeanza, sijawahi kuona ambaye hajalifanya. Kabla ya kusukuma sindano vuta uzi wa kushoto mizunguko ishuke ikalie kitambaa, ibane hapo na kidole gumba, ndo sasa sukuma sindano ipite, vuta taratibu, uachie uzi wa kushoto dakika ya mwisho kabisa.

Punje ikitoka imelegea kama kitanzi, uliachia mapema. Sindano ikigoma kupita katikati ya mizunguko, umekaza sana au tundu la sindano limevimba ndo maana nilikwambia. Punje iliyoharibika huwezi kuifumua, ikate kutoka nyuma, endelea, usikae unahangaika nayo na kitambaa kinachoka.

Fanya 30 kwenye kipande cha mabaki kwanza. Najua hutafanya, lakini nimesema.

Mpangilio: usiyapange kama vifungo vya shati. Kanga madoa yake yanafuata mwili, anza mgongoni, shuka kwa mistari iliyopinda kuelekea tumboni, na mstari wa pili madoa yake yakae kwenye nafasi za mstari wa kwanza. Kwa saizi hii nafanya kama 40 kila upande. Acha nusu sentimita pembeni pote bila doa maana pale utapita mshono wa kufunga. Kutoka doa hadi doa uzi unaweza kupita kwa nyuma kama ni karibu, ikizidi sentimita 2 funga fundo ukate uanze upya, la sivyo kitambaa kinajikunja.

Mara ya kwanza upande mmoja utakuchukua saa nzima na shingo itauma. Pika chai. Mimi sa hivi natumia dakika 25, na nikiwa na mtu wa kupiga naye stori hata sihisi.

Hatua ya 6: bawa na kichwa

Bawa ni mistari mitatu tu iliyopinda, mshono wa shina (kila mshono unaanzia ubavuni mwa uliopita, unatoka kama kamba), nyuzi mbili za kijivu cha kupauka. Kichwa ni mshono wa kujaza: bluu ya kupauka usoni, nyuzi zilale sambamba zisipandane. Chini ya mdomo weka mishono miwili mitatu ya nyekundu, vile vijinyama vyake. Kijipembe cha juu ni kahawia ya njano, mdomo pia. Jicho ni ushanga mmoja mweusi, ila kama nyumba ina mtoto anayetambaa weka punje nyeusi badala ya ushanga, maana mapambo ya chini ya mti yote huishia mdomoni.

Hatua ya 7: kukata, kufunga, kujaza

Chana karatasi, kata umbo kwa mkasi mkali, vipande vyote viwili, vipime mgongo kwa mgongo. Kimoja kikizidi kinyoe kidogo kidogo.

Kabla hujafunga tafuta pa kumning'iniza. Watu wanaweka kitanzi katikati ya mgongo kwa macho, alafu kanga anakaa kichwa juu kama anasoma bango, kwa sababu uzito wake upo nyuma. Bana vipande pamoja na pini, pitisha uzi na sindano mgongoni, mwinue. Akiinua kichwa, sogeza uzi nyuma kuelekea mkia. Akiinama sogeza mbele. Akitulia weka alama hapo. Kitanzi chenyewe nasuka nyuzi zote sita mara tatu, urefu shibiri moja ikikunjwa, mafundo yake yanakaa ndani katikati ya vipande.

Funga na mshono wa blanketi (ule wa kingo, kila mshono sindano inapita ndani ya kitanzi cha uzi) kwa uzi mweupe wa nyuzi mbili, anzia tumboni, zunguka mkia, mgongo (hapo shona kitanzi mara tatu), kichwa, rudi mpaka ibaki nafasi ya vidole viwili. Mishono iachane milimita 4 hivi na kina chake kiwe kilekile. Hapa mtu akichoka panaonekana hata kwa mbali, kwa hiyo kama usiku umeenda lala, malizia kesho.

Kujaza ni yale mabaki ya sweta, yakatekate madogo kama kachumbari, ingiza kidogo kidogo na kijiti. Huku mianzi haikosekani, wengine wanagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, sisi tunachonga vijiti. Anza kichwani na mkiani ndo mwili. Usishindilie, mishono itaachama. Na tafadhali usijaze nafaka, mwaka wa pili niliweka mtama wenyewe ndani ili kanga awe na uzito mzuri, mwezi wa tatu mteja ananitumia picha kanga wake ana vitundu na fukusi wanatembea juu ya kabati. Nilirudisha hela yote.

Funga palipobaki, ficha uzi ndani ya tumbo, kata.

Mwisho, kwa wanaotaka kuuza

Wageni wa Ruaha wengi wanakuja kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa kumi, kwa hiyo hao Krismasi yao inaanza Juni, ukingoja Desemba umewakosa. Desemba ni ya watu wetu wa Dar na wanaorudi nyumbani, na wao wananunua kwa sita sita, wawekee kwenye kiboksi. Huku mti wengi wanakata tawi la mpaini, la Mufindi au la shamba la jirani, na lile tawi ni laini linainama, ndo raha ya kanga wa sufu maana hana uzito. Nikituma kwa basi kutoka stendi ya Igumbilo nawafunga kwenye boksi gumu, madoa yasilaliwe na mizigo ya watu.

Na sikukuu ikiisha usimwache mtini mpaka Februari. Nondo wanapenda sufu, funza wao wanaila. Mkung'ute, aote jua la asubuhi, umweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Akichafuka usimfue kwa maji ya moto, unajua kitakachotokea, mpanguse na kitambaa kibichi tu.